Kwotabeki kijana hukuaje kati ya msimu na msimu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Josh Allen na matarajio ya mashabiki

Super Bowl, fainali ya NFL, ligi kuu ya mchezo huu, ikishapita mwezi Februari, shabiki wa futiboli ya Marekani hubaki na miezi saba bila mechi yenye uzito. Miezi yote hiyo ana swali moja tu: yule kijana wetu atarudi akiwa bora? Hapa nimekusanya maswali yanayorudi kila mwaka, na mengi nimeyajibu kupitia Josh Allen wa Buffalo Bills, hasa miaka yake ya 2018 hadi 2020. Nimemchagua kwa sababu mabadiliko yake yanaonekana waziwazi, na kwa sababu kila timu yenye kijana anayesuasua hulitaja jina lake kama vile limeshatoa ahadi.

Kwotabeki anafanya nini hasa?

Hupokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi, kisha ana sekunde mbili na nusu au tatu za kuamua: aurushe, amkabidhi mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe. Lakini kazi huanza kabla hajaugusa. Kocha humpa mpango kupitia redio ndogo iliyo ndani ya kofia, na redio hiyo hukatika zikibaki sekunde 15 kwenye saa ya kuanzisha mchezo. Kuanzia hapo yuko peke yake. Huwapanga wenzake, huwasoma mabeki (walinzi wa timu pinzani), na akiona mambo hayaendani anaweza kubadili mpango mzima kwa sauti. Ndiyo maana kijana mwenye mkono wa ajabu anaweza kuonekana hovyo mwaka mzima. Mkono uko sawa, ila macho na kichwa bado havijaufikia mwendo wa ligi.

Josh Allen alitokea wapi?

Firebaugh, mji mdogo wa wakulima katikati ya California. Familia yake ilikuwa na shamba. Alipomaliza sekondari hakuna chuo kikuu kilichomtaka, akaenda Reedley, chuo kidogo karibu na kwao, na kutoka huko akawaandikia makocha wa nchi nzima barua pepe akijitangaza. Wyoming wakamchukua. Mwaka 2018 Bills walipanda hadi nafasi ya 7 kwenye drafti, ule uchaguzi wa kila mwaka ambapo timu huchagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni, ili wampate. Kabla yake walikuwa wameshachaguliwa makwotabeki wawili, Baker Mayfield nafasi ya kwanza na Sam Darnold nafasi ya tatu. Josh Rosen alifuata nafasi ya 10 na Lamar Jackson akawa wa 32. Majina ya Darnold na Rosen yakumbuke, tutayarudia.

Kwa nini watu walimtilia shaka?

Kwa sababu ya takwimu moja: asilimia ya pasi zinazomfikia mlengwa. Wyoming ilikuwa karibu 56. Mwaka wake wa kwanza Buffalo ikawa 52.8, wakati wastani wa ligi nzima ulikaribia 65. Alirusha pasi 10 za tachidauni, yaani za kufunga kwa kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, na 12 zikanaswa na wapinzani. Hata hivyo aliwakimbia mabeki kwa yadi 631 na kufunga tachidauni 8 kwa miguu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema hana kipaji. Wataalamu wengi wa drafti walikuwa na msemo wao: nguvu huongezwa, usahihi mtu huzaliwa nao. Waliomkataa Allen hawakuwa wajinga. Walikuwa na historia upande wao, maana wengi waliorusha vibaya chuoni walirusha vibaya zaidi kwenye ligi kuu.

Kati ya misimu wachezaji wanaruhusiwa kufanya nini?

Shabiki hudhani kijana yuko na makocha wake miezi yote. Hayuko. Makubaliano kati ya ligi na chama cha wachezaji yanazuia. Msimu wa timu ukiisha, makocha hawaruhusiwi kuendesha mazoezi hadi Aprili. Kisha inakuja programu ya wiki tisa yenye hatua tatu: kwanza viungo na mikutano, halafu mazoezi ya uwanjani bila upinzani, na mwisho siku kumi za mazoezi ya timu nzima, bila kugongana. Kuna na kambi fupi ya lazima mwezi Juni. Kisha kila mtu anaondoka tena hadi kambi kubwa ya mwisho wa Julai.

Ukihesabu utaona kwamba sehemu kubwa ya mwaka kijana yuko mikononi mwake mwenyewe. Hapo ndipo wanapoingia makocha binafsi, wale wanaofundisha urushaji peke yake. Allen alikwenda kwa Jordan Palmer, kwotabeki wa zamani wa ligi hiyohiyo na mdogo wake Carson Palmer, huko kusini mwa California. Alikuwa naye tangu kabla ya drafti na aliendelea kurudi kwake katika miaka yake ya mwanzo.

Wanafanyia kazi nini? Mkono si tayari anao?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, maana jibu lake hubadilisha jinsi unavyoiangalia mechi.

Pasi nzuri huanzia kwenye miguu. Kwotabeki hurudi nyuma hatua tatu, tano au saba, na kila idadi ya hatua imepimwa ili iendane na muda ambao mpokeaji, yule anayekimbia mbele ili adake pasi, atageuka. Mguu wa nyuma ukitua mapema au ukichelewa, kila kinachofuata kimeharibika. Nguvu inatakiwa ipande kutoka ardhini, ipite nyongani, izungushe kiwiliwili, ifike begani, kisha mkono uwe wa mwisho. Kijana aliyezaliwa na mkono kama wa Allen hajawahi kulazimika kufuata utaratibu huo. Tangu akiwa mtoto alitupa kwa mkono tu, na mpira ukafika. Kwenye ligi kuu mpira bado unafika, ila mara unapita juu ya kichwa cha mpokeaji kwa futi mbili, mara unatua nyuma ya mgongo wake, kwa sababu mwili haurudii tendo lilelile mara mbili.

Katika majira ya kuchipua ya 2020 Allen alipimwa mwendo wa mwili wake kwa vifaa vya biomekanika, mashine zinazoonyesha ni kiungo gani kinaanza na kipi kinafuata. Kocha na mchezaji wakapata kitu cha kuangalia pamoja badala ya kubishana kwa hisia. Kisha ikawa kurudia, maelfu ya pasi bila beki hata mmoja mbele yake. Si kazi ya kupendeza kuitazama.

Upande wa pili ni macho. Kila mpango una mpokeaji wa kwanza wa kumwangalia, wa pili, wa tatu. Kijana huganda kwa wa kwanza, au akimwona amebanwa anakimbia. Allen wa 2018 alikuwa hivyo kabisa. Macho hufundishwa kwa video: unaketi, unasimamisha picha kabla mpira haujaanzishwa, unasema beki wa nyuma amekaa wapi na hiyo inakwambia nini, kisha unaiachia uone kama ulisema kweli. Mtu akifanya hivyo kwa miezi, yale yaliyokuwa yakimshtua mwezi Oktoba huyatambua mapema Oktoba inayofuata.

Usahihi uliongezeka kweli, au alianza kurusha pasi fupi?

Uliongezeka kweli. Kutoka asilimia 52.8 mwaka 2018 alipanda hadi 58.8 mwaka 2019, kisha 69.2 mwaka 2020. Mwaka huo wa tatu alirusha yadi 4,544, tachidauni 37, na pasi 10 tu zikanaswa. Hakuacha pasi ndefu. Pasi ndefu, zilizokuwa aibu yake 2019, zikawa silaha. Bills walishinda mechi 13 kati ya 16 na kutwaa ubingwa wa kundi lao kwa mara ya kwanza tangu 1995. Kwenye kura za mchezaji bora wa ligi alikuwa wa pili, nyuma ya Aaron Rodgers.

Lakini 2020 ulikuwa mwaka wa korona. Aliendeleaje?

Vituo vya timu vilifungwa, programu ya Aprili hadi Juni ikafanyika kwa video tu, na mechi zote za maandalizi za Agosti zikafutwa. Ungetegemea vijana ndio waumie zaidi. Allen alibaki na kocha wake binafsi, na baadaye akawakusanya wapokeaji wenzake Florida ili warushiane wenyewe. Mimi naamini jambo hilo la pili lilikuwa na uzito kama lile la kwanza. Mpokeaji mpya na kwotabeki wanahitaji kujua vitu ambavyo havimo kwenye kitabu cha mipango: unapunguza mwendo kiasi gani kabla ya kukata kona, unapenda mpira ukufikie kifuani au mbele ya mikono.

Kwa uadilifu niseme pia kwamba msimu ule mashambulizi yalinawiri ligi nzima. Timu zilifunga alama nyingi kuliko msimu wowote uliotangulia, na viwanja vitupu viliwapa makwotabeki wageni utulivu wa kusikika. Hilo halielezi kupanda kwa zaidi ya alama kumi za asilimia ndani ya mwaka mmoja, ila lisifichwe.

Ni yeye aliyekua, au ni Stefon Diggs aliyembeba?

Vyote viwili, na anayekulazimisha uchague kimoja hakutendei haki. Machi 2020 Bills walimchukua Diggs, mpokeaji, kutoka Minnesota kwa kutoa chaguo lao la raundi ya kwanza ya drafti na mengine. Diggs akadaka pasi 127 kwa yadi 1,535, akaongoza ligi kwa yote mawili. Mwaka mmoja kabla yake walikuwa wameshawaleta wapokeaji John Brown na Cole Beasley, pamoja na Mitch Morse wa kumkinga katikati. Wakati huohuo, mwalimu wa mashambulizi alikuwa yuleyule, Brian Daboll, tangu siku ya kwanza. Allen hakuwahi kujifunza lugha mpya ya mipango katika miaka yake minne ya mwanzo. Meneja Brandon Beane na kocha Sean McDermott walimjengea nyumba kabla ya kumdai kodi.

Sasa wakumbuke wenzake wa drafti ile. Rosen alipewa mwaka mmoja Arizona, kisha wakamchagua kwotabeki mwingine, Kyler Murray, na Rosen akauzwa. Darnold, kule New York Jets, alibadilishiwa kocha mkuu baada ya msimu wa kwanza, na baada ya wa tatu akauzwa. Miaka mingi baadaye, 2024, Darnold huyohuyo aliongoza Minnesota kushinda mechi 14 kati ya 17. Kipaji chake hakikuota ghafla akiwa na miaka 27.

Kwa nini kila mtu anazungumzia mwaka wa tatu?

Pesa. Mchezaji wa raundi ya kwanza husaini miaka minne, na timu ina haki ya kuongeza wa tano, lakini inabidi iamue mapema Mei baada ya msimu wake wa tatu. Mkataba wa kwanza wa Allen ulikuwa wa takriban dola milioni 21 kwa miaka yote minne. Agosti 2021 akasaini mwingine wa miaka sita, dola milioni 258. Kati ya takwimu hizo mbili ndipo timu inapokuwa na nafasi ya kununua wachezaji wengine wazuri, na ndiyo maana wenye timu hukosa subira. Shabiki huambukizwa haraka hiyo bila kujua chanzo chake.

Kwa hiyo kijana wa timu yangu naye ataruka hivyo?

Pengine hapana, na sisemi hivyo kumkatisha mtu tamaa. Zach Wilson, wa pili kwenye drafti ya 2021, alipewa misimu mitatu Jets na kuuzwa Denver. Trey Lance, aliyemfuata nafasi ya tatu, aliuzwa na San Francisco kabla ya msimu wake wa tatu kuanza. Wote wawili walifanya mazoezi kwa bidii kati ya misimu. Wote walipigwa picha wakirusha mipira mizuri.

Kuna pia wanaoanza juu kisha wakashuka. C.J. Stroud wa Houston alikuwa mzuri mno mwaka 2023, tachidauni 23 na pasi 5 tu zilizonaswa. Mwaka uliofuata zilizonaswa zikafika 12, naye akaangushwa chini mpira ukiwa mkononi mara 52. Je, alirudi nyuma kama mrushaji? Kwa macho yangu, waliomkinga ndio walioporomoka kwanza, halafu na yeye akaanza kuharakisha.

Caleb Williams wa Chicago aliangushwa mara 68 mwaka 2024, na ndani ya msimu huohuo timu ilimfukuza mwalimu wa mashambulizi na baadaye kocha mkuu. Kumpima kijana kwa mwaka wa namna hiyo ni kumwonea.

Video za mazoezi ya Juni zina maana yoyote?

Kidogo sana. Hakuna kugongana, mabeki hawaruhusiwi kumgusa, na video zinazosambazwa ni pasi zilizofanikiwa. Kama unataka kitu kimoja cha kuangalia humo, acha mpira, tazama miguu yake. Miguu haidanganyi hata kwenye mazoezi.

Habari za kilo alizoongeza au kupunguza zipite tu.

Septemba ikifika, niangalie dalili gani?

Ushindi usiuweke mbele, una baba wengi. Tazama mpokeaji wa kwanza akibanwa: je, kwotabeki anahamia kwa wa pili na miguu yake ikahama pamoja na macho? Tazama anavyokabili presha. Kijana anayekua husogea hatua moja ndani ya eneo lake na kubaki anaangalia mbele, wakati yule ambaye bado hugeuka na kukimbia nyuma. Tazama makosa yake nayo. Pasi iliyonaswa kwa sababu beki alifanya kazi ya ajabu si sawa na pasi iliyorushwa katikati ya mabeki watatu wakati timu inaongoza. Ya pili ikipungua kufikia Novemba, kuna kitu kimekua hata kama takwimu zake hazijapendeza.

Na mpe mechi sita au saba. Peyton Manning, kwotabeki wa Indianapolis Colts, mwaka wake wa kwanza wa 1998 alinaswa pasi 28 na Colts wakashinda mechi tatu tu. Mwaka uliofuata walishinda 13.

Mashabiki wana mchango wowote, au ni kelele tu?

Nina moyo na hili. Buffalo ni mji wa baridi kali, si tajiri, na timu yao ilikaa misimu 17 bila kufika mtoano, hadi msimu wa 2017. Siku hizi ni mji wa Wakongomani wengi pia, na Kiswahili kinasikika mitaani na mashuleni. Watu wa namna hiyo walikuwa na kila sababu ya kumchoka kijana anayekosa walengwa. Wengine walimchoka kweli. Lakini Novemba 2020 bibi yake Allen, Patricia, alifariki usiku wa kuamkia mechi dhidi ya Seattle. Allen alicheza, akarusha yadi 415, na Bills wakashinda 44 kwa 34. Mashabiki waliposikia habari ile walianza kuchangia hospitali ya watoto ya Oishei mjini Buffalo, wengi wakitoa dola 17, namba ya jezi yake. Michango ikavuka dola milioni moja. Mwaka huo hawakuruhusiwa kuingia uwanjani msimu mzima wa kawaida, na hiyo ndiyo njia waliyoipata ya kumwambia wako naye.

Kumkosoa kijana ni haki ya shabiki. Kumtukana mtoto wa watu wa miaka 22 mtandaoni usiku wa manane si ushabiki.

Baada ya 2020 Allen aliendelea kupanda moja kwa moja?

Hapana. Mwaka 2021 asilimia yake ilishuka hadi 63.3 na pasi 15 zikanaswa. Mwaka 2023 zilinaswa 18, na maswali ya zamani yakafufuka. Kisha 2024, Diggs akiwa ameshaondoka, alinaswa 6 tu katika msimu mzima na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi. Alikuwa na miaka 28 na huo ulikuwa msimu wake wa saba.

Niko Afrika Mashariki. Mechi huchezwa saa ngapi kwetu?

Mechi za Jumapili zinazoanza saa saba mchana kwa saa za New York ni saa mbili usiku kwetu, na kuanzia Novemba, Wamarekani wakirudisha saa nyuma, zinakuwa saa tatu usiku. Zile kubwa za usiku wao huanza baada ya saa tisa usiku kwetu, kwa hiyo anayekwenda kazini Jumatatu aangalie marudio.

Nikitaka kuuona ukuaji wa Allen kwa macho yangu, nianze na mechi zipi?

Anza na mtoano wa Januari 4, 2020 kule Houston. Bills waliongoza 16 kwa 0, wakafungwa 22 kwa 19 kwenye muda wa nyongeza. Utamwona Allen akifanya mambo ya kushangaza kwa miguu, akidaka hata tachidauni aliyorushiwa na John Brown, kisha dakika za mwisho akapaparika, hadi kumtupia mwenzake mpira kwa pembeni huku anakabwa, jambo ambalo lingeweza kuwapotezea mechi palepale. Halafu nenda Miami, Septemba 20 mwaka huohuo: yadi 417, tachidauni nne, na hakuna pasi iliyonaswa. Malizia na ile ya Desemba dhidi ya San Francisco, iliyochezwa Arizona, ambako pasi 32 kati ya 40 zilifika. Ukiwa na muda wa mechi moja tu, chagua hiyo ya Desemba, na kwenye kila pasi anza kutazama mguu wake wa nyuma kabla hujautafuta mpira.